Sentimita Kumi za Bi Winchi

Ukitaka kumkasirisha Bi Winchi, mwite mchukuzi. Mchukuzi, atakwambia, ni mtu anayebeba, na yeye habebi. Tangu alipofika miaka thelathini na mgongo ukampa onyo la kwanza, hajaweka begani kitu kizito kuliko mkoba wake. Kazi yake ni kuhamisha: kasiki za fedha, mashine za kusaga, jenereta, matangi, na mara moja meza ya biliadi ambayo mwenyewe aliapa haitoki chumbani bila kubomoa ukuta. Ilitoka. Vitu, anasema Bi Winchi, huenda vyenyewe. Yeye huvishawishi tu.

Alianza sokoni kwenye magunia kama wengine. Mumewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi nzuri. Akaipata, akapata na mke wa kuifurahia naye. Bi Winchi akabaki na binti wa miaka mitatu, shemeji asiye na ajira, na mgongo. Asubuhi moja akamwona dereva mzee, mwembamba kama ufito, akipandisha pipa la dizeli kwenye lori peke yake. Alikuwa amelaza mbao mbili ndefu, amelizungushia pipa kamba, analivuta taratibu huku akipiga mluzi. Kwenye lori la pili wanaume sita walikuwa wakinyanyua pipa la namna ile ile kwa mikono, na kutukanana ndiyo sehemu waliyoifanya vizuri zaidi. Bi Winchi akatua gunia lake. Hakulinyanyua tena, na mwenye gunia anamlalamikia mpaka leo.

Alichokiona siku ile alijieleza mwenyewe kwa lugha anayoijua, yaani lugha ya bei. Dunia, kwa maoni yake, ni mwenye duka mgumu. Ukitaka kupandisha kilo mia sita mita tatu juu, bei ni moja, ulie usilie. Lakini mwenye duka huyo ana jambo moja jema: anakubali ulipe kidogo kidogo. Ubao mfupi ni kulipa kwa mkupuo. Ubao mrefu ni kulipa polepole, kila hatua kidogo, hadi mwisho wa njia. Halafu kuna msuguano, na huyo ni dalali. Kila unaposogea anadai chake, wala hatoi risiti. Huwezi kumkwepa kabisa, ila unaweza kumpunguzia. Ndiyo maana Bi Winchi hatembei bila vipande vya bomba vya kutandika chini ya mzigo.

Binti yule wa miaka mitatu sasa anafundisha fizikia sekondari. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, mama yake akiwemo. Mwaka mmoja aliwaeleza wanafunzi habari ya dalali, na darasa zima likapata swali la msuguano kwenye mtihani, isipokuwa mmoja aliyeandika kwamba msuguano hudai asilimia kumi.

Kikosi cha Bi Winchi kina watu wanne, yeye mwenyewe wa kwanza. Wa pili ni yule shemeji yake, mdogo wa mume, ambaye kaka mtu alipoondoka yeye alibaki. Anaitwa Shemeji na kila mtu, hata na watu wasio na undugu naye. Wa tatu ni Tembo, mtu mwembamba ajabu. Wa nne ni Kobe. Kobe anashika kamba ya breki, na jina lake ni sifa, kwa sababu Bi Winchi ana amri moja tu kazini: mzigo usipate mwendo. Mzigo uliosimama ni kitu. Mzigo uliopata mwendo ni mkubwa wako, na hausikii la mtu.

Kuna kitu kingine ambacho lazima kielezwe kabla hatujafika kwenye tanuri. Tepu ya kupimia ya Bi Winchi ilikatika mwanzo wake miaka tisa iliyopita, chini ya kasiki. Sentimita kumi za kwanza zilipotea. Mtu mwingine angenunua tepu nyingine. Bi Winchi aliona hasara ya nini. Akawa anapima, anasoma, anatoa kumi. Kikosi kizima kikajifunza kutoa kumi. Shemeji alitoa kumi hata alipoulizwa umri.

Sasa tanuri.

Mwokaji mmoja alikuwa na jiko lake ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ngazi pana za zege zilipanda kutoka uani moja kwa moja hadi kwenye kibaraza cha juu, na kutoka kibarazani unaingia jikoni. Ndani alikuwa na tanuri la zamani, chuma cha kumimina, kilo mia saba. Alikuwa amenunua jipya la kilo mia sita, bati jembamba nje na matofali ndani, zuri kulitazama lakini halina hata sikio moja la kulishikia. Ukilifunga kamba likaning'inia, mbavu zitaingia ndani kama debe tupu. Lazima lisukumwe au livutwe kwa chini. Na geti la uani lilikuwa jembamba mno kwa lori la winchi la kunyanyulia mizigo.

"Mtakuwa watu wangapi?" mwokaji aliuliza. Alikuwa mtu mfupi mwenye unga kwenye nyusi.

"Wanne. Na mimi nikiwemo."

"Wenzako waliokuja jana wamesema kumi na wawili."

"Hao wanabeba."

"Na wewe?"

"Mimi nashawishi." Bi Winchi alikuwa hamtazami. Alikuwa ametazama juu, ambako mhimili wa chuma ulitokeza nje ya ukuta juu ya kibaraza. Zamani ulikuwa ukipandishia magunia ya unga. Kisha akatazama ndani, kwenye tanuri la zamani. Kisha ngazi. Akahesabu vidato kimyakimya. "Wale jana walikutajia bei ya kushusha na bei ya kupandisha?"

"Mbili, ndiyo."

"Mimi nakupa moja. Ya kupandisha tu. Kulishusha hili nakushushia bure, ila likifika chini ni langu."

Mwokaji akafinya macho. Mtu akikupa kitu bure mapema hivyo, kuna mahali anakuibia, na mwokaji naye hakuzaliwa jana. "Kilo mia saba za chuma?"

"Utalipeleka wapi? Utaliweka sebuleni mkeo alifutie vumbi?"

"Sawa. Lakini na mimi nina sharti. Jumamosi saa nane mchana lazima nianze kuoka. Nina mikate ya hospitali nzima. Saa sita kamili tanuri liwe mahali pake. Dakika moja ikizidi..." Akatafuta kitu cha kutaja, macho yake yakaangukia bega la Tembo, ambako cheni bloku ilikuwa imening'inia. "Ile mashine ya minyororo inabaki hapa."

 Cheni bloku ile ndiyo iliyomtoa Bi Winchi kwenye kamba na mbao. Kwayo mtu mmoja mwenye mikono miwili ya kawaida ananyanyua tani. Familia tatu zilikula kutokana na ndoano yake. Bila hiyo angerudi kuhamisha makabati.

Bi Winchi aliitazama kiasi cha kumfanya mwokaji aone amempata. Halafu akatoa mkono. "Jumamosi saa sita."

Walipotoka getini Shemeji hakujizuia. "Shemeji, umeugua? Umeweka rehani midomo yetu yote kwa ajili ya chuma chakavu."

"Hebu niambie. Lile tanuri la zamani lilifikaje kule juu?"

"Si watu walilipandisha."

"Walitoa jasho?"

"Si kidogo."

"Lile jasho liko wapi?"

Shemeji akafikiri. "Lilikauka."

"Halikukauka. Liko kule juu ndani ya kile chuma, miaka ishirini linangoja kushuka. Mwokaji analikalia na hajui. Likishuka, litapandisha jipya. Nimenunua vitu viwili pale, yeye anadhani kimoja."

Jioni ile Mwalimu alichora kwenye mgongo wa karatasi ya mtihani. Ngazi zilikuwa na mteremko wa mita sita kwa kimo cha mita tatu. Tanuri jipya, likipanda mteremko huo kwenye mabomba, lilihitaji kuvutwa kama kilo mia tatu na zaidi kidogo. La zamani likining'inizwa kwenye kapi inayotembea, lingeshuka mita moja na kuvuta kamba mita mbili, kwa nusu ya uzito wake.

"Nusu ya mia saba ni mia tatu na hamsini," alisema Mwalimu. "Unahitaji mia tatu. Inabaki hamsini."

"Hiyo ya dalali."

"Itamtosha?"

"Mabomba yakiwa safi atachukua thelathini. Inayobaki ataishika Kobe." Bi Winchi akaigeuza karatasi. "Huyu aliyepata nane kwa ishirini ni nani?"

"Mama, hayakuhusu."

Ijumaa walikwenda wote wawili ghalani kulipima tanuri jipya. Njiani Mwalimu akatoa zawadi: tepu mpya, ya manjano, mita tano, mwanzo wake mzima una kikulabu kinachong'aa.

"Wiki hii nafundisha kosa la sifuri," alisema. "Kifaa ambacho hakianzii sifuri. Nimesimama mbele ya watoto arobaini nikasema kifaa kama hicho kisitumike, huku najua mama yangu anacho mfukoni."

"Mimi kosa la yangu nalijua."

"Kulijua ni vizuri. Kutokuwa nalo ni vizuri zaidi."

"Imehamisha kasiki ngapi, hiyo yako?"

"Pima nayo tu, Mama, twende nyumbani."

Bi Winchi akapima na tepu ya manjano ili mtoto aache maneno. Mwalimu alikuwa upande wa nyuma, amechuchumaa, anasoma bati la kiwanda kuhakikisha uzito. Upana: tepu ilisema mia na ishirini na nane. Bi Winchi akatoa kumi, kama mtu anavyopumua, akaandika kiganjani mia na kumi na nane. Mlango wa mwokaji alikuwa ameupima siku ile ya mapatano kwa tepu yake kuukuu: mia na ishirini na mbili, kumi ikiwa imekwisha kutolewa. Nafasi ya kidole kimoja kila upande. Akaridhika, akafunga kiganja.

Jumamosi saa moja asubuhi walikuwa uani. Mbao nene mbili zilikuwa zimelazwa juu ya vidato tangu jana, zimefungwa zisiteleze, na tanuri jipya lilisimama chini kwenye mabomba yake, upande mpana ukitazama kibaraza. Chuma cha ukingo wa kibaraza kilikuwa kimefunguliwa upande mmoja ili la zamani lipite. Bi Winchi aliujaribu mhimili kwa cheni bloku, akausikiliza, akaujaribu tena.

Aliyeanza vibaya alikuwa Tembo. Aliingia jikoni kwa haraka, akakanyaga pale ambapo mwokaji hupakia mafuta trei zake, na miguu yake ikaenda bila yeye. Aliondoka mlangoni amesimama akafika dirishani amekaa.

"Sakafu hii mnaipigia mswaki kwa mafuta?" alilalamika.

"Mkate hautoki kwenye trei kwa maombi," alisema mwokaji.

"Futeni," Bi Winchi akaamuru. "Leo sitaki kitu kinachoteleza karibu yangu."

Tanuri la zamani lilitoka mlangoni vizuri, kwa maana lilikuwa jembamba, la watu wa zamani. Likanyanyuliwa kwa cheni bloku, likahamishiwa kwenye kapi, ambayo kamba yake ilizunguka mhimili na kushuka ngazi hadi miguuni mwa tanuri jipya, likasukumwa nje ya ukingo. Hapo Kobe akazungusha kamba ya breki mara tatu kwenye nguzo ya chuma iliyo chini ya ngazi, akakaa kama mtu anayengoja kinyozi.

"Haya," alisema Bi Winchi. "Taratibu. Asione mtu kwamba tunaondoka."

Kobe akalegeza kiasi cha unene wa kidole. Juu, tanuri la zamani likashuka kwa unene wa kidole. Na chini, bila mtu kuligusa, tanuri jipya likaanza kupanda ngazi.

Mwokaji alisimama mdomo wazi. Wauza magodoro wote walitoka nje. Mmoja akachungulia nyuma ya tanuri kuona nani anasukuma. Shemeji na Tembo hawakuwa na kazi isipokuwa kuokota bomba lililotoka nyuma na kulitia mbele, wakitembea kando kama wasindikizaji wa bibi harusi.

"Nani analivuta?" mwokaji aliuliza.

"Wale waliolipandisha hilo lako miaka ishirini iliyopita," alisema Bi Winchi. "Wasalimie."

Kamba ilikuwa inanukia kuungua kidogo. Mwokaji, ambaye mikono yake haijui kutulia, akaigusa nguzo ya Kobe na kuondoa kidole haraka.

"Ina moto."

"Ndiyo ile ziada," alisema Mwalimu, aliyekuwa amekuja baada ya kusahihisha madaftari. "Nguvu ya mzigo unaoshuka isiyopata kazi ya kufanya inaishia kwenye nguzo. Inakuwa joto."

"Basi tanuri lako limeoka mara ya mwisho," akasema Shemeji, na mwokaji akajikuta anacheka kabla hajakumbuka yuko upande gani.

Saa tano na robo tanuri la zamani lilitua kwenye magogo uani, na jipya likasimama kibarazani, mbele ya mlango. Wakalitia kabari. Dakika arobaini na tano zilibaki, na kilichobaki ni kulisukuma ndani hatua nne. Shemeji alianza kuzungumzia chakula.

Wakasukuma. Tanuri likaenda, likagonga kingo za mlango kulia na kushoto kwa pamoja, likasimama.

"Lipo pembeni," alisema Bi Winchi. Wakalinyoosha. Likagonga tena.

"Mlango umenywea," alisema Shemeji.

"Zege halinywei. Mia na kumi na nane ndani ya mia na ishirini na mbili. Sukumeni."

Mwalimu alikuwa ameshachomoa tepu ya manjano kwenye mkoba wa mama yake. Akaliweka kulabu pembeni mwa tanuri, akavuta, akasoma. Akasoma tena. "Mama. Njoo usome."

"Nilishasoma jana."

"Njoo."

Bi Winchi akaja. Akaona mia na ishirini na nane. Midomo yake ikasogea, na Mwalimu akauona mdomo ukitoa kumi.

"Mia na kumi na nane," alisema Bi Winchi.

"Umetoa kumi."

"Natoa siku zote."

"Kutoka tepu ipi?"

Bi Winchi akaitazama tepu ya manjano, kulabu lake, sifuri yake iliyokaa mahali pa sifuri. Miaka tisa alikuwa akiondoa kosa, na jana aliliondoa kwenye tepu isiyokuwa nalo. Tembo akageuka kutazama barabara. Kobe alikuwa anapanda ngazi na alifika wakati yote yamekwisha kusemwa, kwa hiyo akauliza, "Nini?"

"Tanuri limenenepa sentimita kumi," alisema Shemeji.

Mwokaji naye akapanda. Aliangalia mlango, akaangalia tanuri, akaangalia saa.  Alikwenda tu kusimama karibu na cheni bloku, kama mtu anayengoja basi kituoni.

Bi Winchi hana tabia ya kujilaumu saa za kazi. Alifungua kiganja, ambako hesabu za jana zilikuwa bado zinasomeka kwa shida. Ubavu aliuandika tisini na nne. Basi ni mia na nne. Mia na nne inaingia kwenye mia na ishirini na mbili bila salamu. Tanuri liliukabili mlango kwa upande mpana kwa sababu lilipanda hivyo. Likigeuzwa robo duara, litapita.

"Tuligeuze."

Ni rahisi kusema. Mabomba yanakwenda mbele na nyuma, hayajui kugeuka. Wakayatoa, tanuri likakaa kwenye zege, wakaingiza mitaimbo kwenye pembe na kusukuma wote wanne, na Mwalimu wa tano. Tanuri halikutikisika. Mguu wake mmoja ulilia kwenye zege sauti ya kutia meno ganzi, ukaacha mkwaruzo.

"Mguu utavunjika," alisema Kobe.

"Dalali amekalia mzigo," alisema Bi Winchi. Akafuta jasho. Saa tano na dakika thelathini na tano. Kulifunga kamba na kulinyanyua haikuwezekana. Zile mbavu za bati. Alitazama huku na huku kutafuta kitu asichojua ni nini, na jicho lake likafika kwenye suruali ya Tembo, nyuma, ambako doa kubwa la mafuta lilikuwa linang'aa.

"Tembo," alisema, "asubuhi ulipoteleza, ulifika wapi?"

"Dirishani. Kwa nini unanikumbusha?"

"Hukusukumwa na mtu?"

"Na nani?"

Bi Winchi akamgeukia mwokaji. "Nataka trei zako nne kubwa, zile nene. Na ndoo ya mafuta."

"Mafuta yangu?" Mwokaji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Mafuta hayakuwa kwenye mapatano."

"Hayakuwa. Nisikilize. Ukinipa, saa nane unaoka. Ukikataa, saa sita unabaki na mnyororo, na mimi na watu wangu tunakwenda kula, na tanuri lako linabaki mlangoni limekuzibia jiko. Hospitali watakuja kuchukua mikate, uwaeleze jinsi ya kuoka kwa mnyororo."

Tabasamu lilikaa usoni kidogo, likakosa la kufanya, likaondoka. Mwokaji akaingia kwa kujibana kando ya tanuri na kurudi na trei nne na ndoo. Aliileta mwenyewe, na ilikuwa ndoo iliyojaa.

Wakafanya haraka, ila kwa mpangilio. Shemeji akaingiza mtaimbo mrefu chini ya upande mmoja, kigogo kikiwa egemeo karibu na mzigo, akalalia ncha ya mbali. Tanuri likainuka upande huo kwa kimo cha kiganja. Mwalimu akapaka trei ya kwanza mafuta mazito kama anavyopaka mtu mkate ambao si yeye aliyeununua, akaifunika kwa trei ya pili, akaisukuma chini. Upande wa pili vivyo hivyo. Mtaimbo ukatolewa. Kilo mia sita zikakaa juu ya chuma kilichokaa juu ya mafuta.

"Kobe, kamba," alisema Bi Winchi, maana ukingo wa kibaraza upande ule ulikuwa wazi, na chini yake ilikuwa mita tatu za hewa. "Izungushe miguuni, chini kabisa, ubavuni usiguse. Hiki kikianza hakina breki."

Kobe akafunga kamba kwenye miguu ya tanuri, akaizungushia nguzo nene ya ukingo mara tatu, akakaa.

Mwalimu aliweka bega, peke yake, na kusukuma kidogo kuona. Tanuri likaondoka. Liligeuka kimya kama mtu aliyesikia akiitwa jina, likapita robo duara, na halikuonyesha nia ya kusimama. Pembe yake ikaanza kuelekea pale palipo wazi. Mwokaji alifumba macho. Kamba ikakaza, ikalia, nguzo ikalia, na tanuri likasimama, pembe moja ikiwa imechungulia uani.

"Hapo ndipo lilipopata mwendo," alisema Kobe bila kuinuka. "Nililiona."

Wakalirudisha nafasi ya kiganja, likanyooka, ubavu ukitazama mlango. Wakainua tena kwa mtaimbo, wakatoa trei, wakafuta, wakatandika mabomba. Lilipita mlangoni likiwa na nafasi ya kupitisha mkono kila upande. Shemeji alipiga honi kwa mdomo. Walipoondoa bomba la mwisho na miguu minne ya tanuri ikagusa vigae pale palipochorwa chaki, saa ya ukutani jikoni ilikuwa sita kasoro dakika tano.

Mwokaji aliitazama saa ile kama anayetafuta kosa lake la sifuri. Hakulipata. Akaifuata cheni bloku, akaitoa ndoanoni mwenyewe, akampa Tembo.

"Na ndoo yangu?" aliuliza.

"Nusu imebaki," alisema Bi Winchi.

"Nusu imeliwa na tanuri."

"Mwanzo mzuri. Lizoee."

Walipatana. Walipatana robo saa nzima, wote wawili wakifurahi, na mwisho Bi Winchi alikubali kurudi mwezi ujao kumgeuzia bure mashine ya kukandia unga iliyokaa vibaya, naye mwokaji akaongezea mikate minne ya jana. Ya leo ilikuwa bado haijaokwa, na hakuna anayempa mtu kitu ambacho bado hana.

Chini uani, kilo mia saba za chuma zilikuwa zinawangoja zipelekwe kwa myeyushaji. Shemeji alikwenda kutafuta mkokoteni. Bi Winchi aliketi juu ya tanuri lake jipya la zamani, akatoa tepu zote mbili, moja kila goti.

"Sasa hiyo kuukuu unaitupa," alisema Mwalimu. Hakuuliza.

 Bi Winchi aliingiza mkono mkobani akatoa mkasi wa bati, akaivuta tepu ya manjano hadi kwenye kumi, akakata. Kulabu linalong'aa na sentimita kumi za kwanza zikaanguka kwenye vumbi.

"Mama."

"Sasa zinasema kitu kimoja. Yoyote nitakayoshika, natoa kumi. Unataka nifundishe upya vichwa vinne, au nikate kipande kimoja?"

 Mwalimu alikuwa na maneno mengi ya kusema, yote yakiwa ya kweli na yaliyoandikwa vitabuni, lakini hakuona hata moja ambalo mama yake hangelishinda kwa hesabu ya bei. Akainama, akaokota kile kipande cha manjano, akakipangusa kwenye sketi.

"Nakichukua. Jumatatu nitakibandika ubaoni."

"Utawaambia kimetoka wapi?"

"Nitawaambia ni sentimita zilizozuia tanuri."

"Waambie na dakika tano zilizobaki," alisema Bi Winchi. Akasimama, kwa sababu Shemeji alikuwa anarudi na mkokoteni uliokuwa mdogo kwa macho yoyote, akavuta tepu, akaupima, akatoa kumi. "Huo hautoshi. Rudisha."